Metali Inayokubali Kuinama Pamoja na Mfupa

Mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga hutoka hospitalini akiwa na matumaini, na kwa miaka mingi chuma alichowekewa humtumikia vizuri. Hata hivyo, picha za eksirei za baadaye huweza kuonyesha jambo asilolitarajia: chuma kiko vilevile, bali mfupa wa paja unaokizunguka umekonda. Si lazima pawe na vijidudu vilivyoushambulia. Huenda umekonda kwa kukosa kazi.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku baadhi ya seli huubomoa na nyingine huujenga upya, na ujenzi huo hufuata uzito unaobebwa. Mpasuaji wa Kijerumani Julius Wolff aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1892. Mfupa unaotumikishwa kwa kiasi huimarika; unaopumzishwa mno hupungua. Ndiyo sababu wanaanga wanaokaa miezi kadhaa angani, ambako miguu haibebi uzito, hupoteza sehemu ya mifupa yao.

Shina la metali linapotiwa ndani ya mfupa wa paja, viwili hivyo huwa kama wachukuzi wawili chini ya mzigo mmoja: uzito humwangukia zaidi yule asiyekubali kuinama. Kadiri kitu kinavyokataa kupinda huitwa ukakamavu, na kipimo chake ni gigapaskali. Gamba gumu la mfupa lina gigapaskali 10 hadi 30. Aloi ya titani iliyozoeleka zaidi hospitalini ina takriban 110, na chuma kisichoshika kutu hukaribia 200. Hivyo metali hubeba, na mfupa hukaa bure.

Ukakamavu, hata hivyo, si sawa na nguvu. Nguvu ni mzigo ambao kitu hustahimili bila kuharibika umbo lake. Anachohitaji mpasuaji ni metali yenye nguvu nyingi na ukakamavu mdogo, nazo ni sifa mbili ambazo hazikutani kwa urahisi. Katika kuitafuta metali hiyo, watafiti wamegeukia aloi zilizobuniwa kwa ajili ya mitambo ya joto kali, kama vile injini za ndege.

Kwa desturi, aloi huwa na metali moja kuu inayoongezewa nyingine kidogo. Mwaka 2004, Jien-Wei Yeh nchini Taiwan na Brian Cantor nchini Uingereza, kila mmoja pamoja na wenzake, walieleza njia tofauti: kuchanganya metali kadhaa, mara nyingi tano au zaidi, kwa viwango vinavyokaribiana. Michanganyiko hiyo huitwa aloi za entropia ya juu. Ndani yake atomi za ukubwa tofauti hukaa bega kwa bega, na safu zake zikapindapinda. Safu zisizonyooka hazitelezi kwa urahisi moja juu ya nyingine, na hapo ndipo nguvu inapotoka.

Mwaka 2010, Oleg Senkov na wenzake katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani walichanganya niobi, molibdeni, tantali na tungsteni, metali ambazo huyeyuka kwa joto kali mno. Katika nyuzi 1,600 za Selsiasi, joto ambalo chuma huwa kimekwisha kuyeyuka, aloi hiyo bado ilihimili takriban megapaskali 400. Lakini katika joto la kawaida ilipasuka baada ya kubanwa kwa asilimia 2 tu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Katika metali, hutegemea ni akina nani waliokutana.

Mwaka uliofuata watafiti hao waliunganisha hafni, niobi, tantali, titani na zirkoni. Safari hii aloi ilistahimili zaidi ya megapaskali 900 katika joto la kawaida, na ilipobanwa hadi nusu ya kimo chake haikuvunjika. Ukakamavu wake ni takriban gigapaskali 80, chini ya ule wa aloi ya titani iliyozoeleka.

Kwa watabibu, majina hayo si mageni. Tantali imetumika katika upasuaji tangu miaka ya 1940, na titani, niobi na zirkoni pia hupokewa vyema na mwili kwa kuwa hujifunika utando mwembamba unaozuia kutu. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walichanganya metali hizo nne na molibdeni. Seli zinazojenga mfupa zilipooteshwa juu ya aloi hiyo, ziliipokea kama zinavyoipokea titani halisi.

Vikwazo vimebaki. Gigapaskali 80 bado ni nyingi mbele ya 30 za mfupa. Aloi yenye hafni na tantali ina uzito zaidi ya mara mbili ya titani ya ujazo uleule. Tena, kila mguu hukanyaga takriban mara milioni moja kwa mwaka, na metali ya nyonga sharti ihimili mikanyago hiyo kwa miongo bila kuchoka.

Kuna pia suala la gharama. Tantali hutokana na koltani, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda ni miongoni mwa wazalishaji wake wakuu duniani. Sehemu kubwa huchimbwa kwa sururu na koleo. Leo madini hayo huenda zaidi kwenye vifaa vya elektroniki. Aloi hizi zikifaulu, sehemu yake itaingia katika nyonga za wagonjwa, na itafaa wachimbaji wenyewe na jamaa zao wasiwe wa mwisho kufikiwa na tiba hiyo.

Hadi hapo, titani na wenzake wataendelea na kazi. Aliyewekewa chuma na ahudhurie kliniki kama alivyopangiwa, aripoti maumivu mapya ya paja, na atembee kwa kadiri daktari wake anavyomruhusu, kwa maana mfupa hudumu kwa kupewa kazi.