Bibi aliponiuliza kama napaka mkorogo

Bibi yangu yuko Tanga, mimi niko Leeds. Tunaongea kwa simu ya video kila Jumapili, na kwa kuwa mimi ni mjukuu wa kike, utani wetu ni ule ule wa kugombania babu: ananiita mke mwenza. Jumapili moja ya Desemba nilimpigia nikiwa nimejipamba, nafanya mazoezi ya usaili wa kazi wa kesho yake. Hakuitikia hata shikamoo yangu. Alinikazia macho, kisha akauliza polepole, "Mke mwenza, umeanza kupaka mkorogo?"

Jamani! Kama hulijui neno hilo, mkorogo ni ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua ngozi. Na bibi hakuwa anatania. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa.

Sikujichubua, wallahi. Ila nilikuwa nimepaka fandesheni iliyonizidi weupe. Kila nikikaa kwenye usaili wa video nilikuwa najiona kivuli: meno na macho tu. Nikaamini tatizo ni ngozi yangu. Pauni 28 zikaenda, uso ukapauka, shingo ikabaki na rangi yake.

Nilipomweleza, bibi akacheka kidogo, akasema, "Huko nyuma yako kweupe kama uwanja wa mpira. Mbele yako kuna taa gani?"

Nikatazama. Mbele hakukuwa na taa yoyote. Ya chumbani ilikuwa nyuma ya kichwa changu, inamulika ukuta mweupe.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo siri yenyewe. Kamera ya simu au laptopu hupima mwanga wa picha nzima, halafu inatafuta wastani. Ikiona ukuta mweupe au dirisha nyuma yako, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Wewe uliye katikati unazama gizani, na mwenye ngozi nyeusi anazama zaidi.

Na hili halikuanza na simu. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha picha iliyotoka vizuri. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kusambaa miaka ya 1990. Kwa hiyo mama zetu walipotoka weusi tititi kwenye picha za harusi, lawama haikuwa yao.

Basi, haya ndiyo ninayofanya siku hizi, na yote yamenigharimu chini ya pauni 5.

Mwanga uwe mbele. Mchana nakaa nikitazama dirisha. Desemba hapa Leeds jua linazama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo nilinunua taa ya mezani kwenye duka la mitumba kwa pauni 3. Naiweka nyuma ya laptopu, kidogo upande, na naielekeza kwenye ukuta ulio mbele yangu ili mwanga unirudie ukiwa laini. Usiifunike taa kwa kitambaa, utaunguza nyumba ya watu.

Tandika foronya nyeupe mezani, mbele yako. Inarudisha mwanga juu na kupunguza vivuli chini ya macho na kidevu. Hii ni bure kabisa.

Punguza weupe wa nyuma. Mimi nimetundika kanga ya mama yenye rangi iliyokolea. Kamera haidanganyiki tena, na chumba kimependeza. Zile picha bandia za nyuma ziache: zinakula nywele za afro na pembe za mtandio.

Inua kamera ifike usawa wa macho. Vitabu vinne au boksi la viatu vinatosha. Ukiiweka chini, watu wanakutazama puani.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu inayokaa jikoni na mfukoni ina mafuta, ndiyo maana picha ina ukungu.

Uso paka mafuta yako ya kawaida, kidogo tu. Ngozi yetu inapendeza ikishika mwanga. Kama unatumia fandesheni, iwe ya rangi yako.

Kazi ya ule usaili sikuipata. Ya tatu niliipata, na sisemi ni taa iliyonipa. Ila siku hiyo sikujitazama kwenye kile kidirisha hata mara moja, nilikuwa nasikiliza maswali.

Jumapili iliyofuata nikampigia bibi, taa mbele, uso mtupu. Nikasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba." Kisha akanyamaza, akaisogeza simu karibu na macho. "Kumbe una kidoti shavuni," akasema. "Marehemu dada yangu alikuwa nacho hapo hapo."

Miaka sita tunaongea kwa video. Kidoti hicho nimezaliwa nacho, na bibi hajawahi kukiona.

Kwa hiyo kabla hujampigia bibi yako leo, geuza kiti.