Kuijaribu Programu ya Simu Kabla ya Kuipokea Chamani

Mizani ya chama cha msingi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa kabla ya kutumika. Hakuna katibu anayeijua kazi yake atakayekubali kupima ufuta au alizeti ya wanachama kwa mizani isiyokaguliwa, hata kama aliyeileta ameapa kuwa ni nzima. Lakini programu ya simu, ambayo siku hizi huandika kilo, hukokotoa malipo na kutuma fedha, aghalabu hupokewa chamani kwa kuaminiwa maneno ya aliyeileta tu. Makala haya yanaeleza jinsi programu ya namna hiyo inavyojaribiwa, na kwa nini jaribio lenyewe lapasa kufanyika Mpwapwa, mbele ya wanachama watakaoitumia.

Kwanza yafaa ieleweke kuwa kuonyeshwa ni jambo moja, na kujaribu ni jambo jingine. Mtengenezaji afikapo ofisini huitoa simu yake mwenyewe, ambayo ni mpya na imejaa chaji. Huandika jina fupi, kilo kamili zisizo na nusu, kisha hubonyeza, na malipo yakatokea. Wajumbe wa Bodi hupiga makofi. Huko ni kuonyeshwa. Kujaribu ni kutafuta kwa makusudi mahali ambapo programu itashindwa, ili ishindwe siku ya jaribio na si siku ya malipo.

Kazi hiyo ina watu wake katika miji mikubwa, nao huwa na vikao vya kubadilishana maarifa. Kila mmoja huja na simu yake, programu moja hufunguliwa kwenye simu za aina nyingi, na kila kasoro huandikwa. Katika simu moja maandishi hukaa sawasawa, katika nyingine kitufe cha kutuma huwa kimefichwa chini ya kioo kidogo, katika ya tatu programu hukataa kufunguka kwa sababu simu ni ya zamani. Jijini Nairobi, mnamo Juni 2011, ilizinduliwa maabara iliyoitwa m:lab East Africa, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapa watengenezaji wa programu mahali pa kuzijaribu kwenye simu za namna mbalimbali. Mtu mmoja hawezi kumiliki simu zote ambazo wateja wake wanazo. Chama cha msingi, kwa bahati njema, kina wanachama, na simu zote zinazohitajika zimo mifukoni mwao.

Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ni ule wa M-Pesa. Kabla huduma hiyo haijatolewa kwa umma nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 kwa watu wachache, chini kidogo ya 500, katika jiji la Nairobi na mji wa Thika, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Shabaha ya awali haikuwa kutumiana fedha. Ilikusudiwa kwamba wakopaji waliomo katika vikundi warejeshe mikopo yao kwa simu. Jaribio likaonyesha mambo ambayo hayakutazamiwa. Wapo waliowatumia fedha jamaa zao, wapo waliolipana wao kwa wao katika biashara, na wapo walioziweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzichukua walikofika, wakiogopa kuibiwa njiani. Kwa upande wa wakopeshaji, kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya vikundi kulileta taabu. Hivyo huduma ilipotolewa ilikuwa ya kutumiana fedha, nayo mikopo iliwekwa kando. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2008. Wanaushirika wazingatie hasa lile jambo la vitabu: programu iliwapendeza watumiaji, huku ikimlemea karani. Jaribio lililomwuliza mtumiaji peke yake lisingaliliona hilo.

Sasa, kikao cha majaribio katika chama cha msingi kiwe cha namna gani? Waitwe wanachama kumi na watano au zaidi, wake kwa waume, wazee na vijana, na kila mmoja aje na simu yake jinsi ilivyo. Asiyekuwa na simu, ambaye huazima ya mwanawe au ya jirani, aitwe pia, kwani yeye naye atalipwa. Kitochi kisidharauliwe. Wengi hufikia huduma kwa namba za nyota na reli, na huko orodha hujifunga yenyewe mtu akichelewa kujibu. Mzee anayesoma polepole akifungiwa mara tatu kabla ya kumaliza, kasoro ni ya programu wala si ya mzee.

Tena kikao kisiishie ofisini. Mtandao wa Mpwapwa mjini si kipimo cha kituo cha kununulia kilicho nyuma ya mlima kuelekea Kibakwe. Programu ichukuliwe hadi kituoni, juani, karani akiwa na vumbi mikononi na foleni mbele yake.

Yapo majaribio madogo ambayo hugharimu dakika chache na hufichua mengi. Mojawapo ni la majina. Wilaya hii ina Ving'hawe na Ng'hambi, na wapo wanachama wengi wenye majina ya Kigogo yaandikwayo kwa alama hiyo ya ng'. Programu iliyotengenezwa bila kuangalia huweza kuikataa alama hiyo, au kulikata jina katikati, na stakabadhi ikatoka na jina lisilolingana na la kwenye daftari la wanachama wala la kwenye laini ya simu. Jingine ni la mipaka. Ikiwa programu imeambiwa kuwa gunia halizidi kilo 100, ijaribiwe kwa 99, kwa 100 na kwa 101, maana makosa hupenda kukaa pale pale mpakani. Iandikiwe pia sifuri, na kilo 37.5, na 375 kana kwamba karani amesahau nukta. Programu njema huuliza kabla ya kukubali.

Lakini jaribio lisiloweza kuachwa kwa hali yoyote ni la malipo yaliyokatika. Chukuliwe mfano kwamba karani amebonyeza ili mwanachama alipwe shilingi 180,000, na papo hapo mawimbi yakapotea. Ujumbe wa kuthibitisha haukuja. Je, fedha zimekwenda au hazikwenda? Mwanachama amesimama mbele yake. Karani hubonyeza tena, kwa nia njema kabisa, na baada ya saa moja zinafika jumbe mbili. Chama kimelipa mara mbili, na katika mkutano mkuu ni katibu atakayeulizwa. Au hutokea kinyume: leja huandika kuwa amelipwa, nayo simu ya mkulima haikupokea hata senti, na mtu huyo akarudi nyumbani akiamini kuwa chama kimemdhulumu.

Dawa yake inafahamika kwa mafundi. Kila malipo hupewa namba yake pekee tangu yanapoandikwa, na ombi likirudiwa kwa namba ile ile, mfumo hulitambua na kukataa kulipa tena. Katibu hahitaji kuyajua ya ndani ya ufundi huo. Yeye na afanye hivi: atume malipo ya shilingi 1,000, azime simu katikati, aiwashe, atume tena, kisha atazame leja, simu ya mpokeaji na salio la chama. Vitatu hivyo visipolingana, programu isipokewe. Jaribio lirudiwe mara kadhaa, kwa kuwa simu kuzimika mapema kidogo au baadaye kidogo huleta matokeo tofauti.

Majina na namba za siri za wanachama halisi zisitumiwe ovyo katika majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyama kama inavyozihusu benki. Yatungwe majina ya mfano, pamoja na yale yenye ng', na namba ya siri ya mtu asiambiwe mtengenezaji wala katibu.

Kasoro ikionekana iandikwe katika daftari palepale: simu ilikuwa ya aina gani, kilibonyezwa nini, kilitarajiwa nini, na kilitokea nini. Kusema tu kwamba "programu inasumbua" hakumsaidii fundi. Akirudi na toleo jipya, majaribio yote yaanzwe upya, hata yale yaliyofaulu mara ya kwanza, kwani ni jambo la kawaida kurekebisha pamoja na kuharibu pengine. Wapo watakaolalamika kuwa huo ni upotevu wa wakati. Walalamike.

Bodi nayo iangalie mkataba. Malipo ya mwisho kwa mtengenezaji yafungamanishwe na majaribio, si na siku ya maonyesho. Na baada ya kupokewa, programu iende sambamba na vitabu kwa msimu mmoja mzima, kila jioni jumla ya simu ikilinganishwa na jumla ya stakabadhi za karatasi. Ni kazi maradufu kwa karani, na yafaa posho yake ifikiriwe katika makisio ya mwaka.

Daftari la kasoro litiwe sahihi na katibu, karani wa mizani na wanachama wawili waliohudhuria. Nakala moja ibaki chamani, ya pili apewe mtengenezaji, na ya tatu ipelekwe kwa Afisa Ushirika wa Wilaya kabla ya ununuzi kufunguliwa.