Mali Bila Daftari: Namna ya Kufufua Gari la Kujiundia kwa Mshahara wa Mfanyakazi

Hivi karibuni nilipata barua kutoka kwa ndugu mmoja wa Kampala, fundi ambaye nilifanya naye kazi katika gereji moja zaidi ya miaka 30 iliyopita. Ndugu huyu anakaribia kustaafu. Anasema ameona gari kuukuu limesimama nyuma ya nyumba ya mtu, bei yake si kubwa, na moyo unamtuma atie humo kiinua mgongo chake alifufue. Kwa kuwa anajua kwamba mimi huku Uingereza nilikwisha kufufua gari kuukuu kwa mikono yangu, ananiuliza: afanye au asifanye?

Sikumjibu siku ile. Kiinua mgongo si fedha ya kuchezea. Ni jasho la miaka mingi, nacho hakiji mara ya pili. Nimeona heri jibu langu lipite katika ukurasa huu, kwa maana najua wako wengine wenye swali kama lake.

GARI LA KUJIUNDIA NI NINI?

Gari langu ni la aina ambayo Waingereza waliizoea sana, yaani gari linalouzwa vipande vipande, na mnunuzi huliunda mwenyewe nyumbani. Kampuni humpa chasisi ya chuma na bodi ya faibaglasi. Injini, giaboksi, ekseli na usukani huvitoa katika gari jingine kuukuu.

Magari haya yalienea kwa sababu ya kodi. Zamani serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari jipya lililokamilika, lakini aliyenunua vipande na kuviunga mwenyewe alisamehewa. Lotus Seven, gari dogo lililobuniwa na Colin Chapman na kutolewa mwaka 1957, liliuzwa kwa wengi kwa njia hiyo. Tarehe 1 Aprili 1973 kodi hiyo ilifutwa na mahali pake ikaingia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo haikuwabagua wanaojiundia. Mwaka huohuo Lotus iliacha Seven, na kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuliendeleza.

Hata hivyo magari ya kujiundia hayakufa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mfanyakazi wa kiwandani aliweza kununua Ford Escort iliyoliwa na kutu, ambayo injini yake bado ilikuwa nzima, akahamisha viungo vyake katika chasisi mpya. Escort tunaijua sisi watu wa Afrika Mashariki. Ndilo gari ambalo Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda nalo Safari Rally mwaka 1972, wakawa madereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji. Injini yake ni nyepesi kuielewa, na vipuri vyake vilijaa madukani. Gari langu limejengwa kwa viungo vya Escort, na ndiyo sababu nililipenda tangu siku ya kwanza.

KOSA LANGU

Nililinunua mwaka 1996 kwa pauni 800, kutoka kwa mtu aliyelianza likamshinda. Mimi ni fundi wa mabasi kwa kazi, basi nilijiona najua kila kitu. Sikuandika hata mstari mmoja. Jambo la kwanza nililofanya ni kulipaka rangi nyekundu na kulishonea viti vipya. Kazi hiyo ilinila pauni 640. Majirani walisifu, watoto wakaketi ndani wakapiga honi.

Mwaka uliofuata niliingia chini ya gari ili nifunge mipira mipya ya breki. Nikagonga chasisi kwa nyundo. Badala ya mlio wa chuma nikasikia mlio wa debe. Nikachoma kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Chasisi ilikuwa imeoza kutoka ndani, hasa pale ambapo faibaglasi imegandishwa juu ya chuma na maji hujificha. Ili itengenezwe ilibidi bodi yote ing'olewe, na rangi ile ya pauni mia kadhaa ikapasuka na kukwaruzika tulipoing'oa.

Fedha zilikuwa zimekwisha. Gari likasimama chini ya turubai miaka sita. Mke wangu hakunitukana, lakini kila ada ya shule ilipodaiwa nilimwona akitupa jicho kwenye lile turubai, nami nilielewa. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

DAFTARI

Mwaka 2003 nilianza upya, na safari hii nilianza na kalamu. Siku ya kwanza sikushika spana hata moja. Nilizunguka gari na nyundo, bisibisi na tochi, nikaandika kila kitu kibovu bila kujidanganya. Kila kitu nilikitia katika safu moja kati ya tatu. Safu ya kwanza ni vitu vinavyoweza kuua mtu: chasisi, breki, usukani, tairi, mikanda ya viti, tangi la petroli. Safu ya pili ni vitu vinavyoweza kulisimamisha gari njiani, kama injini, klachi, rejeta na nyaya. Safu ya tatu ni vitu vinavyopendeza macho.

Kanuni nikaifanya moja tu, nayo sikuivunja: senti haiendi safu ya pili kabla ya kwanza haijakwisha, wala haiendi ya tatu kabla ya pili haijakwisha.

Kisha nikakubaliana na mke wangu juu ya kiasi. Tulisema pauni 2,000 basi, na zitoke kidogo kidogo, pauni 70 kila mwezi, bila mkopo. Mafungu niliyaandika hivi:

Chasisi, pamoja na malipo ya mchomeleaji: pauni 500.
Breki na usukani: pauni 350.
Tairi nne: pauni 160.
Nyaya na taa: pauni 140.
Injini na giaboksi: pauni 300.
Bodi na rangi: pauni 150.
Viti: pauni 50.
Akiba ya lisilotazamiwa: pauni 350.

Msomaji asishike bei hizi, maana ni za miaka ile na za nchi hii. Atazame uzito wake. Chasisi, breki, usukani na tairi peke yake ni pauni 1,010, yaani zaidi ya nusu ya fedha yote. Rangi na viti, ambavyo mara ya kwanza vilinifilisi, sasa vimepewa pauni 200 tu. Tena atazame ile akiba. Ni zaidi ya sehemu moja ya sita, na ilinisaidia sana. Tangi la petroli lilikutwa limetoboka, rejeta ikavuja, na mipira midogo na bolti ambazo hakuna anayezihesabu zikala pauni 80. Vyote hivyo vilimaliza pauni 290 za akiba. Bila fungu hilo gari lingerudi chini ya turubai.

Kazi ilikwisha baada ya miezi 28. Nilitumia pauni 1,940.

MAMBO YA KAZI YENYEWE

Anayefufua gari la namna hii yafaa ajue machache.

Kwanza, bodi ya faibaglasi haipitishi umeme. Katika gari la bati, taa hupata njia ya kurudishia umeme kupitia bodi yenyewe. Katika gari hili kila taa lazima ipewe waya wake wa kurudi kwenye chasisi na betri. Taa ikififia au ikiwaka kwa zamu na nyingine, usikimbilie kununua taa mpya. Tazama waya huo kwanza. Mimi nilikuwa nimekwisha nunua taa mbili bure kabla sijakumbuka.

Pili, oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Gari lililosimama miaka mingi, oili yake imwagwe yote, na mipira ya breki ibadilishwe hata kama kwa macho inaonekana mizima.

Tatu, kazi ya kuchomelea chasisi mpe anayeiweza. Mimi naweza kuchomelea geti, lakini chasisi niliilipia. Betri ing'olewe kabla ya kuchomelea, na tangi la petroli liondoshwe kabisa. Wala mtu asidhani kwamba tangi tupu ni salama. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Nne, makaratasi. Kabla hujatoa fedha, hakikisha namba iliyogongwa kwenye chasisi ni ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Huku Uingereza gari la kujiundia likisajiliwa jipya hupitia ukaguzi maalumu wa gari moja moja. Ukaguzi wa namna hiyo ulianza mwaka 1998, na wa sasa ulichukua nafasi yake mwaka 2009. Mtu akilibadili gari mno anaweza kupoteza usajili wake wa zamani. Kadhalika gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka endapo linatimiza masharti. Mimi langu nalipeleka kukaguliwa hata hivyo. Msamaha wa serikali haukazi bolti iliyolegea.

AFYA YA FUNDI

Hapa nataka ndugu zangu wa gereji wasome kwa makini. Brekishu, padi na klachi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini gari la miaka ya 1970, au kipuri cha zamani kilichokaa dukani, huweza kuwa nayo bado. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Maradhi yake, pamoja na kansa, huchukua miaka 20, 30 au hata zaidi kujitokeza.

Mimi na yule ndugu aliyeniandikia tulipokuwa vijana tulikuwa tukifungua ngoma ya breki na kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa. Tulitoka weupe kama wasaga unga, tukachekana. Hakuna aliyetuambia. Leo sisi sote tumefika umri ambao vumbi lile huanza kudai. Kwa hiyo nasema: msipulize. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitie ndani ya mfuko na kuufunga, na uvae kinyago cha kuzuia vumbi laini, maana leso haitoshi. Hili ni jambo la kupeleka kwa mwakilishi wa chama kazini. Mwajiri atoe vifaa hivyo.

Faibaglasi nayo ina madhara yake. Vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza kifua. Resini hutoa mvuke unaolevya kichwa, na dawa ile ya kuigandisha ikirukia jichoni huweza kupofusha. Fanya kazi mahali penye hewa, vaa miwani na glavu. Na daima, gari likiinuliwa liwekewe stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Vifaa hivi vyote, kinyago, miwani, glavu na stendi, viandikwe katika daftari kama gharama ya kwanza. Anayesema ni ghali na alinganishe na bei ya jicho.

JIBU LANGU

Sasa nakujibu, ndugu yangu. Kiinua mgongo chako usikitie katika gari. Kwanza kitazame chakula, dawa, paa la nyumba na shamba. Ukiisha kufanya hivyo, ukatenga kiasi ambacho hata kikipotea chote nyumba haitatikisika, kiasi hicho ndicho cha gari. Kama hakipo, mwachie mwenye gari gari lake.

Kama kipo, nenda siku moja na nyundo, bisibisi, tochi na daftari, bila fedha mfukoni, ili tamaa isikushinde. Gonga chasisi mwanzo hadi mwisho. Ikilia debe, ondoka. Ikilia chuma, andika safu tatu, uliza bei ya vipuri madukani wewe mwenyewe, ongeza akiba, kisha onyesha hesabu hiyo kwa mama watoto kabla ya kumwonyesha muuzaji. Akikubali, nunua. Ukisha kununua, rangi iwe ya mwisho.

Wala usidhani nakukatisha tamaa. Mimi sijuti. Jumapili ambazo sina zamu nalitoa gari langu, na binti yangu, ambaye ada zake zilishindana nalo, sasa ndiye anayeliendesha. Rangi yake ni ya kijivu, tuliipaka wenyewe kwa brashi, na ukiisogelea utaona michirizi. Lakini breki zake zinashika.

Daftari lile ninalo bado. Nakala ya kurasa zake za kwanza nimeitia katika bahasha pamoja na barua yako, ili uanzie hapo.