Mali bila Daftari Hupotea bila Habari

Ndugu wafanyakazi,

Wazee wetu wengi wa Pundanhar na pande zote za Ruvuma walivuka mto kwenda Tanganyika kukata mkonge. Huko walikijua kipande. Kila siku mtu alipomaliza kazi yake, nyapara alitia alama, na alama 30 zikitimia ndipo alipolipwa. Nyapara akikataa kutia alama, jasho la siku ile lilikwenda bure. Kwa hiyo hata mzee asiyejua kusoma alijua kuzihesabu alama za kipande chake.

Serikali nayo ina kipande chake. Fedha inayotumia ni kodi tunayokatwa katika mishahara na tunayolipa dukani. Mwenye kukikagua kipande hicho ni Bunge la Jamhuri huko Maputo, lenye wabunge 250. Kila mwaka Serikali hupeleka Bungeni mpango wake na bajeti. Baadaye hurudi na ripoti ya utekelezaji: tuliahidi hiki, tumefanya hiki. Mwisho huja Hesabu Kuu ya Serikali, ambayo Mahakama ya Utawala huikagua na kutoa maoni yake.

Ripoti hiyo huanzia chini kwetu. Hutoka Pundanhar kwenda wilayani Palma, kisha mkoani Pemba, kisha wizarani Maputo. Kila inapopanda ngazi hufupishwa. Kisima cha kijiji kikifika Bungeni kimekuwa tarakimu moja tu katika jedwali.

Nilipata kukaa katika kijiji kimoja ambako pampu ya kisima iliharibika miezi mitatu baada ya kufunguliwa. Katika taarifa kisima kile kiliendelea kuhesabiwa. Aliyeandika hakusema uongo, kwani kisima kilichimbwa kweli. Lakini kina mama walikuwa wamerudi mtoni na ndoo zao. Kuhesabu kazi iliyofanyika ni jambo moja. Kuhesabu faida waliyoipata watu ni jambo jingine, na hilo ndilo mbunge anapaswa kuambiwa.

Ubaya zaidi ni jambo lisiloandikwa kabisa. Katika miaka ya 2013 na 2014 makampuni matatu, ProIndicus, Ematum na MAM, yalikopa kiasi cha dola bilioni 2 kwa dhamana ya Serikali. Ilisemwa kwamba fedha hizo ni za kulinda pwani, kuvua jodari na kutengeneza meli. Bunge halikuidhinisha dhamana hizo. Mkopo wa Ematum ulijulikana mapema, lakini habari za mikopo mingine zilifichuka mwaka 2016. Wafadhili walisimamisha misaada yao kwa bajeti, thamani ya metikali ikaanguka, bei za vitu zikapanda. Mfanyakazi ambaye hakuonja hata samaki mmoja wa Ematum alilipa kwa tumbo la watoto wake.

Je, mnyonge hana la kufanya? Analo. Katiba yetu inasema wananchi 2,000 wanaweza kuliomba Baraza la Katiba lichunguze kama tendo la Serikali linafuata sheria. Wananchi walitia saini zao, na mwezi Juni 2019 Baraza likatamka kwamba mkopo wa Ematum na dhamana yake ni batili. Mwaka 2020 likatamka hivyo hivyo juu ya ile mingine miwili.

Jambo hili linatuhusu sisi wa wilaya ya Palma kuliko wengine. Tangu mwaka 2022 gesi ya bahari ya Cabo Delgado inauzwa nje. Sheria ya mwaka 2024 imeagiza kwamba kwa miaka 15 ya kwanza asilimia 40 ya mapato ya Serikali kutokana na gesi iwekwe katika Mfuko wa Taifa, na asilimia 60 iingie katika bajeti. Tena wengi wetu tulitawanywa na vita. Tukisikia katika ripoti kwamba shule na zahanati zimefunguliwa tena, lazima tujue kama mwalimu yupo na dawa zipo.

Basi, ndugu, tufanye mambo matatu. Kwanza, taarifa ikisomwa mkutanoni tuulize: kazi hiyo iko wapi, inafanya kazi leo, na inawafaa watu wangapi? Pili, kila tawi liwe na daftari lake: kilichoahidiwa, kilichofanyika, na hali yake ilivyo sasa. Tatu, mbunge wa mkoa wetu akija, tusimpokee kwa ngoma peke yake. Tumsomee daftari, ili akirudi Maputo aweze kulilinganisha na jedwali aliloletewa.

Wazee walikilinda kipande chao kwa kuhesabu alama. Na sisi tukilinde chetu.

Umoja ni nguvu!