Kilima Kile Kinaitwaje?

Kata ya Matembwe, katika tarafa ya Lupembe mkoani Njombe, ni nchi ya vilima vinavyofuatana na mabonde yenye maji. Mwenyeji hutaja kwa jina kilima, kijito, hata bonde dogo lenye vinyungu (bustani za bondeni) vichache. Mengi ya majina hayo hayamo kwenye ramani. Anayetaka kuyaandika aanzie wapi?

Tutenganishe kwanza vitu viwili. Jina ni neno. Umbo la nchi ni kile kinachotajwa na neno hilo: chemchemi, kivuko, maporomoko. Anayeandika majina akiwa amekaa ofisini hupata maneno tu. Simu yenye GPS itampa nukta, lakini nukta haisemi jina linakomea wapi. Kijito kimoja chaweza kuitwa hivi kwenye chanzo na vile kinapofika kijiji cha chini. Hapo yaandikwe yote mawili, pamoja na mpaka wa kila moja.

Kisha kuna sarufi. Kibena, lugha ya wenyeji, kina viambishi vya mahali pa-, ku- na mu-, ndugu wa pale, kule na mle za Kiswahili. Mzee akiulizwa anakoelekea huenda akataja jina pamoja na kiambishi. Akiulizwa kilima kile kinaitwaje, huenda akaacha kiambishi hicho. Asiyelijua hilo ataandika mahali pamoja mara tatu, ahesabu patatu. Tena Kibena ni lugha ya toni, na herufi zetu hazionyeshi toni. Sauti ya msemaji irekodiwe.

Tahajia nayo ina historia. Mto mkubwa wa Njombe huandikwa Ruhudji, ingawa Kiswahili sanifu hakiandiki dj. Kwa Mjerumani herufi j pekee husomeka kama y, ndiyo maana hata Ujiji iliwahi kuandikwa Udjidji. Utawala wa Wajerumani ulikwisha; d ya Ruhudji ikabaki.

Yafuatayo ni magumu zaidi. Katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu wengi nchini walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika. Watu wakihama, jina la makazi laweza kuhama nao, na pale pa zamani pakabaki mahame. Jina la kilima halina miguu. Kwa hiyo jina la makazi liandikwe pamoja na wakati wake: liliitwa hapa lini, na nani analikumbuka. Leo mahame mengine yamefunikwa na misindano au chai, na anayeweza kukuonyesha lilipokuwa jiko la bibi yake ni mtu mmoja au wawili.

Maana ndiyo humvutia kila mgeni. Kuhusu jina la mji wa Makambako, wengi hueleza kuwa ni neno la Kibena la mafahali. Huenda ni kweli, lakini jina likishazoeleka watu hulitungia kisa, na kisa kitamu husafiri haraka kuliko jina lenyewe.

Kwa hiyo mimi ningepanga daftari hivi: sauti, mahali, mipaka, msemaji na wakati, halafu maana mwisho kabisa, ikiandikwa kuwa ni maelezo ya fulani. Nisingeanza na wazee wa barazani. Ningeanza na wachunga ng'ombe na wanaoteka maji, kwa kuwa wao hupita kwenye majina hayo kila siku.