Haller: Ujasiri ni kansa au penalti ya Mainz?

Dakika ya 81 pale Ebimpé, Abidjan, Februari 11, 2024. Simon Adingra anamimina krosi kutoka kushoto, Sébastien Haller anachomoza mbele ya beki wa Nigeria, ananyoosha mguu, mpira wavuni. Ivory Coast 2, Nigeria 1. Kombe la Afcon linabaki nyumbani.

Stori ikawa moja kuanzia vibanda umiza hadi vijiwe vya kahawa: jamaa aliipiga kansa, sasa kaipiga Nigeria. Jasiri. Mpambanaji.

Stori tamu. Shida ipo kwenye hilo neno 'aliipiga'.

Julai 2022 Haller alikuwa na siku chache tu tangu atue Borussia Dortmund akitokea Ajax. Akiwa kambini Uswisi akajisikia vibaya, akapimwa, akakutwa na uvimbe kwenye korodani. Saratani. Operesheni mbili, awamu nne za tibakemikali, miezi sita nje ya uwanja. Aliporudi, bao lake la kwanza aliifunga Freiburg Februari 4, 2023, Siku ya Saratani Duniani. Hata mtunzi wa filamu angeona aibu kuandika hivyo.

Lakini tazama alichokuwa akifanya miezi ile. Kulala kitandani, kutundikiwa dripu, kufuata anachoambiwa na daktari. Ndicho anachofanya mama yeyote aliyelazwa Ocean Road, ambaye hakuna anayempigia makofi. Hakuchagua kuumwa, na dawa nani angeikataa?

Mwaka huohuo, hukohuko Ujerumani, Timo Baumgartl, Marco Richter na Jean-Paul Boëtius nao walikutwa na uvimbe kwenye korodani. Wote walirudi kucheza. Si kwamba Bundesliga ina wanaume wa chuma. Saratani ya korodani, ikiwahiwa, inatibika kuliko nyingi nyingine.

Sasa nenda Hispania. Miki Roqué, beki wa Real Betis, alifariki Juni 2012 kwa saratani ya nyonga, ana miaka 23 tu. Tito Vilanova, kocha aliyeipa Barcelona ubingwa wa La Liga 2013, naye saratani ikamchukua Aprili 2014. Kama Haller alipona kwa sababu alipambana, hawa je? Walilegea? Hakuna shabiki anayeweza kutamka hivyo mbele ya familia zao, ila ndicho sifa ile inachosema chinichini.

Wapo watakaobisha kwamba kumwita mgonjwa jasiri ni kumtia moyo. Sawa, wapo wanaofarijika. Ila neno hilohilo linaweza kumfunga mtu mdomo: jasiri halii, halalamiki, hasemi kwamba usiku anaogopa.

Anayeutaka ujasiri wa Haller arudi Mei 27, 2023. Dortmund inahitaji kuifunga Mainz tu itwae ubingwa. Iko nyuma bao moja, inapata penalti. Watu zaidi ya 80,000 wamekodoa macho. Hapa hakuna daktari wa kumwambia la kufanya, na mpira angeweza kumwachia mwenzake. Haller akautenga mwenyewe, akapiga, kipa Finn Dahmen akaokoa.

Ikaisha 2-2, Bayern Munich wakabeba ndoo kwa tofauti ya mabao. Jioni ile neno 'jasiri' likapotea ghafla.