Breki Kabla ya Kona: Mama na Mtoto Juu ya Bodaboda

Leo hatuzungumzii chanjo wala lishe, bali safari ya kwenda kliniki kufuata hiyo chanjo. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bodaboda zimefika hata vijiji ambavyo matatu hazifiki. Zimeokoa maisha ya kina mama wengi waliopata uchungu usiku. Lakini mama anayeteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, mtoto akiwa mgongoni, anajua moyo unavyodunda kila kona inapokaribia.

Kwa nini kona ndiyo hatari? Pikipiki haikati kona kama gari. Ni lazima ilale kidogo upande inakoelekea. Wakati huo kila tairi imeshika barabara kwa kipande kidogo tu, kisichozidi kiganja cha mkono. Mama, hebu fikiria una shilingi mia moja ya matumizi. Ukitumia sabini kununua unga, ya mafuta ni thelathini tu. Tairi nayo ni vivyo hivyo. Nguvu yake ya kushika barabara ina kiasi, na kona ikila sehemu kubwa, ya breki inabaki kidogo. Dereva akifunga breki ghafla hapo katikati, anadai zaidi ya kilichobaki, na tairi inateleza. Ikiteleza ya mbele, mnaanguka kabla hata ya kupiga kelele. Ikiteleza ya nyuma, mkia wa pikipiki unatupwa pembeni.

Kwa hiyo dereva mzuri hupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima. Anashika breki ya mkono na ya mguu pamoja, polepole kisha kwa nguvu zaidi, anashusha gia, halafu anaachilia breki na kuingia kwenye kona kwa mwendo wa taratibu. Baadhi ya madereva huogopa breki ya mbele na kutegemea ya mguu peke yake. Hilo si sawa, kwa maana kwenye lami kavu iliyonyooka ile ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki zaidi. Hatari yake ni kuibana ghafla pikipiki ikiwa imelala, au juu ya changarawe na matope.

Na akishaingia kwenye kona akagundua kwamba mwendo ni mkubwa? Aachilie mafuta, aguse breki zote mbili kwa upole, na aongeze nguvu kadiri pikipiki inavyorudi wima. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unakuwa mara nne. Uzito wenu na mzigo wa gunia nao unaongeza kazi ya breki.

Kuna tabia moja ya kuangalia sana kwenye mteremko, nayo ni dereva kuzima injini au kuweka nyutro ili kuokoa petroli. Hapo injini haisaidii tena kuzuia mwendo. Kazi yote inaachiwa breki, nazo zikipata moto sana hulegea. Petroli ya shilingi chache hailingani na mguu wa mtu.

Wewe abiria nawe una kazi yako. Dereva akilala upande wa kona, usijivute upande wa pili kwa hofu, kwa sababu unamlazimisha aiinamishe pikipiki zaidi. Kaa karibu naye, shika vizuri, tulia, tazama mbele juu ya bega lake. Usimshtue kwa kelele katikati ya kona, maana jambo la kwanza atakalofanya ni kubana breki.

Mtoto asikalishwe juu ya tangi la mafuta. Anazuia usukani kugeuka, na breki ikibanwa ndiye anayerushwa mbele. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye avae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Kwa mtoto mchanga tuseme ukweli, hakuna helmeti inayomfaa, na hakuna namna ya kumfunga inayomkinga mkianguka. Matatu ikipatikana, ingojee.

Kina mama wengine huuliza, "Nikimwambia dereva apunguze, si atanikasirikia?" Zungumza naye kabla ya kupanda na kabla ya kupatana bei. Mwambie hivi: "Kijana wangu, nimebeba mtoto. Kila kona upunguze kabla hatujafika, na usizime injini mteremkoni. Tukichelewa, nimekubali." Akicheka au akikuharakisha, mwite dereva mwingine aliye pale steji.